Sikio Moja, Kopo Moja

Mama mmoja wa Kirolirwe alichelewa kuhama na ng'ombe wake kwa sababu yangu, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mwisho kujua. Ndugu zake walikuwa wameshapeleka mifugo yao malisho ya mbali. Masasi ya bunduki yalikuwa yanasikika nyuma ya kilima. Yeye alibaki palepale, anakamua kila asubuhi, anangoja vipande vya plastiki virudi nyumbani kwake. Vipande vyenyewe vilikuwa kwangu, ndani ya sanduku la vifungo, nimevipanga vizuri kabisa.

Mimi nauza vifungo. Nina uzi pia, sindano, zipu na lastiki, lakini ukiniulizia sokoni sema Mama ya Bifungo, utaletwa mpaka kwangu. Natembea na masanduku yangu kutoka Masisi, napita Nyamitaba na Kirolirwe, na barabara ikikubali nashuka hadi Walikale kule msituni, ambako unyevu unakula sindano na kila mtu anataka zipu. Kazi hii imeniharibu macho kwa namna yake. Siwezi kuona kitu kidogo chenye tundu nisikiokote, nikigeuze, nikitafutie mwenzake wa kufanana naye.

Basi vita viliporudi na benki za mjini zikafungwa, pesa ndogo zilipotea. Noti za faranga mia na mia mbili zilizobaki zilikuwa zimelainika kama kitambaa cha kudekia, zimebandikwa gundi ya plastiki katikati, na kila muuzaji alikuwa anazikataa kwa dharau, kana kwamba zake mwenyewe zilikuwa safi. Mwanzoni tulirudishiana bonbon. Unaenda kununua chumvi, unarudi na mfuko wa peremende. Halafu kila mfanyabiashara akaanza kutengeneza jetoni zake, vipande vya kushika mahali pa pesa. Mwenye duka la dawa Masisi alikata maboksi ya vidonge na kupiga muhuri. Mwenye kinu cha unga Nyamitaba aliponda vifuniko vya bia mpaka vikawa bapa, akavitoboa kwa msumari. Walikale kulikuwa na mama wa chakula aliyekata raba za kandambili zilizokwisha, na kwa kila kipande alikuwa anakupa sahani ya wali na maharage.

Lakini hakuna aliyemfikia mama wa maziwa wa Kirolirwe. Yeye alichukua bidoni, dumu la njano la mafuta ya kupikia, akalikata kwa mkasi vipande vyenye umbo la sikio la ng'ombe. Juu ya kila sikio kulikuwa na tundu lililochomwa kwa msumari wa moto, na pembeni mikato miwili, alama ileile ambayo ukoo wa marehemu mume wake unakata kwenye masikio ya ng'ombe wao. Sheria yake ilikuwa fupi: sikio moja, kopo moja la maziwa. Hakuuliza umelipata wapi. Kwa hiyo masikio yalianza kutembea. Watu walinunulia nyanya, walilipia kusuka nywele, na hata kwenye kikapu cha sadaka yaliingia. Katekista alisemekana kunywa maziwa ya Bwana mwezi mzima.

Nilipoliona la kwanza, mwenye kulileta akitaka vifungo vya shati, moyo wangu ulishtuka kwa furaha. Nilimpa vifungo na kimoja cha nyongeza.

Ni lazima nieleze kwa nini. Katika sanduku langu la kwanza, tangu utotoni, kuna kiduara cha shaba chenye tundu katikati na herufi mbili ambazo hakuna wa kuzieleza tena. Babu yangu alipewa kwenye duka la shamba la mzungu mmoja, wakati wa vita vikubwa vya Wazungu kwao, sarafu ziliposita kufika huku. Baba alikitunza, akanipa mimi. Nilikichezea, nilikivaa shingoni kwa uzi, nilikipeleka shule niwaringie wenzangu. Kwa hiyo kichwani mwangu jetoni ilikuwa kitu cha namna hiyo: kitu kizuri, cha zamani, cha kuweka. Haikunijia kwamba kilikuwa cha kuweka kwa sababu tu duka lake lilishakufa.

Halafu mimi sinywi maziwa. Nimezaliwa katika watu wa jembe, tumbo langu linajua viazi na sombe ya majani ya muhogo, maziwa yananichafua roho. Kwa hiyo masikio yaliyoingia kwangu hayakutoka. Mama wa maziwa alipomaliza bidoni la njano alikata jeupe, halafu la bluu la maji, na mimi nikataka kila rangi. Nikaanza kuyaulizia. Mshonaji mmoja wa Nyamitaba, rafiki yangu, alikuwa ananiwekea. Nilikuwa nasema kwa wateja, bila kuona haya, kwamba mwenye la bluu nitampa uzi mzuri kuliko bei yake. Nyumbani niliyapanga katika sanduku lilelile la kwanza, kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha tena kwa rangi. Ilikuwa starehe yangu pekee miaka ile, nisidanganye. Nje watu walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani, na mimi nilikuwa ndani napanga.

Siku moja tulikaa chini ya hema la sokoni Nyamitaba, mvua inanyesha, wamama wanaongea. Mmoja akasema:

"Kuko muntu anakusanya masikio ya ule mama wa Kirolirwe. Banasema anangojea maziwa ipunguke, halafu atakuya na yote mara moja. Mama akishindwa kulipa, atadai ng'ombe."

"Ni nani?" nikauliza.

"Haijulikane. Anatuma batu."

Nikatikisa kichwa. Nikasema, na ninayakumbuka maneno yangu vizuri kuliko ninavyopenda, "Batu bako na roho mubaya. Vita ikikuya, kila muntu anaonekana ni nani." Wote wakakubali. Sikio la bluu lilikuwa mfukoni mwangu. Na naapa sikujishuku hata kidogo. Yale ya mtu mbaya yalikuwa masikio. Yangu yalikuwa mkusanyiko.

Juma lililofuata nilisikia kwamba mama yule amekata machache mekundu kutoka kwenye beseni lililopasuka. Nikaamua kwenda mwenyewe. Nilivaa kitenge cha Jumapili, nikabeba sanduku zima la masikio ili nimwonyeshe jinsi nilivyoiheshimu kazi ya mikono yake. Njiani kwenye pikipiki nilikuwa nimeshapanga atakavyofurahi. Nilifikiri ataita majirani.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao, juu kidogo ya barabara, zizi pembeni. Ng'ombe walikuwa wachache, wengine walichukuliwa na wenye bunduki, wengine ndugu zake walikwenda nao. Alinipokea kwa heshima, mama mrefu wa sauti ya chini. Mkwe wake, mke wa mwanawe, akaniletea chai. Ilikuwa kavu, bila maziwa. Wajukuu pia walikuwa wanakunywa kavu, wamekaa kwenye mkeka. Na ukutani, mbele ya macho yangu, kulikuwa na vyombo vya mti vya maziwa vimefunikwa vizuri, vimejaa. Nikasema moyoni: nyumba ya ng'ombe, na wanamnyima mgeni maziwa. Wachoyo hawa. Niliwaza hivyo, mimi, na sanduku limekaa mapajani mwangu.

Juu ya vyombo kulikuwa na ubao mrefu wenye misumari midogo. Kwenye misumari mingine masikio yalikuwa yamening'inia. Mingine mingi ilikuwa mitupu.

"Mama, ile ubao ni ya nini?" nikauliza.

"Kila sikio iko na musumari yake," akasema. "Asubuhi nikishakamua, naangalia yenye haina kitu. Natenga maziwa yabo kwanza. Yenye inabaki njo tunauzisha, tunakunywa."

"Yabo ni ya nani?"

"Ya batu benye kushika masikio."

"Na kama hawakuyi?"

"Magaribi tunaachilia inaganda, haiko yetu ya kukunywa, tunafanya siagi ya kuwasha taa na kupaka ngozi. Asubuhi natenga ingine. Unajuaje kama hatakuya leo? Pengine iko na mugonjwa ku nyumba."

Aliyasema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Sasa hivi, akaendelea, ng'ombe wamekuwa wachache, basi yanayotengwa ndiyo karibu yote. Ndugu zake walimfokea. Walimwambia maziwa ni yake, anywe, aondoke. Yeye alikataa.

"Nitatoka hapa namna gani na maziwa ya batu? Batasema nilikimbia nayo. Nikishasemwa vile, kule nitafika nitauzisha kwa nani? Acha barudishe, halafu nitaenda."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ya Masisi ni ngumu, haikupasuka. Nilifikiria kuaga. Nilifikiria kumwaga sanduku kando ya barabara ili wapita njia wayaokote. Ningeweza, na hakuna ambaye angejua. Lakini mjukuu mmoja, msichana mdogo, alinyanyua kikombe chake cha chai kavu akapuliza, na mikono yangu ikafungua sanduku yenyewe.

Masikio yalikuwa yamepangwa: njano, meupe, bluu. Nilikuwa nimeweka hata pamba chini yake.

Yule mkwe ndiye aliyeona kwanza. "Mama," akasema polepole, "njo huyu mwenye kukusanya."

Mama wa maziwa hakunisogelea kwa hasira. Aliyaokota moja moja. Aliyatambua. Hili alimpa mama wa matembele, hili alimpa mwalimu. Halafu akanitazama kwa huruma ya kweli, akaniuliza:

"Dada, ulikuwa mugonjwa?"

"Hapana, Mama."

"Ulikuwa mbali? Barabara ilifungwa?"

"Hapana."

"Sasa juu ya nini hukukuya kukunywa?"

Nikasema ukweli, kwa sababu sikupata uongo wa kufaa. Nikasema niliyapenda tu. Nilikuwa nayaweka kwa uzuri wake. Sauti yangu ilitoka ndogo, ya mtoto aliyevunja chungu. Yeye alitafuta maana ya maneno yangu, na niliona kabisa kwamba hakuipata. Mkwe wake aliipata. Alitoka nje.

Nikamsogezea sanduku. Nikasema achukue yote, yamerudi, atundike, ahame leo leo.

Akalirudisha. "Sikio hairudi bure. Sikuomba muntu anihurumie."

Nikatoa pesa, nimlipe kwa maziwa yote yaliyoganda bure. Hapo ndipo alipokasirika kidogo. "Niliahidi maziwa. Pesa ni ya nini?" Akafunua chombo cha kwanza, akajaza kopo, akaniwekea mbele. Akanyoosha mkono apokee sikio lake.

Nikanywa. Wajukuu walikuwa wananiangalia. Maziwa yalikuwa ya vuguvugu, yana harufu ya moshi ambao wanasafishia vyombo, na kila funda lilipita kooni likijua linapita kwa mwizi. Akalitundika sikio kwenye msumari wake. Akajaza kopo la pili. Nikanywa. La tatu nilifika nusu, tumbo likakataa, machozi yakanitoka, nikajifanya ni moshi.

"Mama," nikamuuliza, "naweza kupatia muntu mwingine masikio yangu?"

"Sikio ni ya mwenye kuishika."

Basi nikachukua sikio la njano nikampa yule msichana mdogo. Haikumwingia akilini mara moja. Aliligeuza mkononi, akamwangalia bibi yake. Nikampa na nduguye, na mwingine. Mama wa maziwa alinikazia macho, kwa muda mrefu, na niliona anataka kukataa, lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe. Akafunua chombo. Wajukuu wakapanga mstari nyumbani kwao, kila mmoja na sikio lake, wakamkabidhi bibi yao, wakanywa. Mmoja alisema merci, kama anavyosema dukani. Mimi niligeukia ukuta.

Maziwa ya siku hiyo hayakutosha kwa misumari yote. Nililala kwa mshonaji Nyamitaba, nikarudi asubuhi, na asubuhi nyingine baada ya hiyo. Nilisimama barabarani kuwagawia masikio wamama waliokuwa wanapita na mizigo, wanakimbia, na wengi walidhani nina wazimu kwa sababu hakuna anayegawa kitu bure wakati wa namna hiyo. Nikawaonyesha nyumba kwa kidole. Waliingia kwa woga, wakatoka na mdomo mweupe. Milio ilikuwa inakaribia, na kila kopo lililojazwa nilikuwa nahesabu moyoni ni muda gani nimemkalisha pale. Mkwe wake hakunisemesha siku zote zile, nami sikumlaumu.

Ilikuwa katika asubuhi mojawapo, tukingoja ndama anyonye kwanza, ndipo mama wa maziwa alipokiona kiduara cha shaba pembeni mwa sanduku.

"Na hii, mwenyewe iko wapi?"

Nikamsimulia kwa haraka, nikifurahi kupata kitu ambacho sikukikosea: vita vya Wazungu, duka la shamba, sarafu zilizokosekana, babu yangu aliyekipenda akakitunza.

"Ilikuwa ya kupata nini?"

"Chumvi, Baba alisema."

"Babu yako aliipata?"

Duka lilifungwa, mzungu aliondoka, hilo lilikuwa sehemu ya hadithi, sehemu ambayo siku zote niliipita haraka kufikia uzuri wa shaba. Babu alikuwa anavuna kwa mgongo wake katika shamba lile. Ikanijia kwa mara ya kwanza, na mimi mtu mzima mwenye mvi, kwamba labda hakukipenda. Labda alikwenda na kiduara mkononi akakuta mlango umepigiliwa mbao. Labda alikwenda mara nyingi. Na mimi nilikivaa shingoni shuleni, naringa.

"Sijui, Mama," nikasema.

"Basi mwenye duka alienda na chumvi ya babu yako," akasema, bila kunishutumu, akainuka kwenda kukamua. Sasa nilielewa alikuwa anaogopa nini. Alikuwa anaogopa asije akawa mwenye duka yule.

Siku ubao ulipojaa, alihama siku hiyo hiyo. Ng'ombe walitangulia, wajukuu nyuma na vijiti, mkwe amebeba ubao wa masikio mgongoni umefungwa kwa kitenge, pale ambapo angebeba mtoto. Nilisimama na sanduku langu, shaba peke yake pembeni, pamba imebaki na alama za vitu vilivyolalia pale. Nilitaka kuomba msamaha na nilikuwa nimeandaa maneno.

Aliniwahi. Akatoa kitu ndani ya mkunjo wa nguo yake na kunipa. Lilikuwa sikio jekundu, la lile beseni, jipya, limekatwa vizuri kuliko yote niliyopata kuwa nayo. Nikaligeuza kama kawaida yangu. Halikuwa na tundu. Pembeni halikuwa na mikato.

"Hii njo yako," akasema. "Niliikata jana. Haina alama, hakuna maziwa ya muntu ndani. Unaweza kuitunza vile unapenda."

Alisema kwa moyo mweupe. Alidhani ananifurahisha. Nikamshukuru kwa mikono miwili, akanitakia heri ya safari, mimi ambaye sikuwa nakwenda popote, akawafuata ng'ombe wake.

Jetoni za wengine, nilizokuwa nimezikusanya vilevile, nimezirudisha. Mwenye dawa Masisi alinipa vidonge vya kichwa. Mwenye kinu ameshakimbia, vifuniko vyake nimemwachia dada yake. Walikale yule mama wa chakula alicheka sana alipoona raba zake, akanilisha sahani tatu kwa nguvu, akamwita mume wake aje anione. Kwa hiyo sanduku limebaki na vitu viwili tu, shaba ya babu na sikio jekundu.

Wateja wanaliona wakichagua vifungo. Ni jekundu kweli, linavuta macho. Wananiuliza linapata nini, nawaambia halipati kitu, ni la kutazama tu. Halafu uso unaniwaka tena, mbele ya watu ambao hawajui lolote, kwa sababu hilo ndilo sikio nililokuwa nalitafuta siku zote.